Maneno mia saba ya anga, na karatasi imekwama kwenye printa

Kijana mwenye steshenari karibu na Soko la Kilombero, hapa Arusha, ameniandikia barua ndefu. Naifupisha. Ana miaka 24. Alimaliza kidato cha nne Kiingereza kikiwa bado kinampiga chenga, na tangu mwaka jana anajifunza mwenyewe kwa kusoma hadithi za safari za anga na za kompyuta, kwa kuwa ndizo zinazomnogea. Daftari lake lina maneno 700 na ushee, kila neno na maana yake ya Kiswahili pembeni. Juzi akaingia mgeni mzungu kuchapa tiketi ya ndege, karatasi ikakwama ndani ya printa. "Mwalimu," anaandika, "kichwani nilikuwa na «payload», «trajectory» na «propulsion». Mdomoni ikatoka «sorry» peke yake. Mgeni akasubiri kidogo, akaondoka. Je, niachane na hizi hadithi nirudi kwenye kitabu cha sarufi? Na mbona kamusi inaniambia «abort» ni kutoa mimba, wakati hadithi inahusu watu wanaotua mwezini?" Mwishoni anauliza kama kuna hadithi yoyote ya anga inayotugusa sisi wa huku.

Marahaba, mwanangu. Hadithi usiziache. Kitu unachokipenda utakirudia hata usiku umechoka, na lugha huingia kwa kurudiarudia. Ila hebu tuangalie unachookota humo ndani. Umefanya kama mtu aliyetumwa Kilombero kununua vitu vya mboga, akarudi na nyama kilo tatu bila chumvi, bila mafuta, bila kitunguu. Nyama ipo, tena nzuri, lakini mboga haipikiki.

Kosa hilo nalijua vizuri kwa sababu nimelifundisha mwenyewe. Zamani, kwenye shule moja kule Moshi, kila Jumatatu niliandika maneno 20 ubaoni na kila Ijumaa nikatoa jaribio. Kulikuwa na binti aliyepata 20 kwa 20 muhula mzima. Siku moja wakaja wageni, nikamsimamisha awaeleze habari za shule yetu, na yeye akasema "Good morning", akanyamaza, akaniangalia. Sijaisahau ile sura. Maneno alikuwa nayo yote. Nilichomnyima ni vile viungo vya kuyashikanisha.

Nikuonyeshe kwa hadithi moja, fupi kabisa. Tarehe 9 Septemba 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mafundi walikuwa wanatafuta hitilafu kwenye kompyuta kubwa iliyoitwa Mark II. Mashine hiyo haikuwa na chipu. Ilitumia relei, yaani swichi za umeme zinazofunga na kufunguka, ndugu wa zile zilizo kwenye gari. Ndani ya relei mojawapo wakamkuta nondo. Namaanisha mdudu, si nondo za kujengea. Wakamtoa, wakambandika kwa utepe kwenye daftari la kazi na kuandika pembeni: "First actual case of bug being found." Utani wao unakaa kwenye neno «actual», yaani wa kweli, halisi. Mafundi walikuwa wakiita hitilafu «bug», mdudu, tangu muda mrefu. Thomas Edison alilitumia hivyo katika barua ya mwaka 1878. Sasa leo mdudu mwenyewe kapatikana! Grace Hopper, mwanakompyuta na ofisa wa jeshi la majini la Marekani, aliisimulia sana hadithi hii baadaye, ndiyo maana wengi hudhani ni yeye aliyemkuta huyo nondo.

Nimeiandika kwa Kiingereza chepesi hivi:

"Something was wrong with the machine. The engineers looked inside. A moth was stuck in one of the switches. They took it out, taped it into the logbook and wrote a joke next to it."

Sasa niambie ukweli: ungeandika neno gani kwenye daftari lako? Najua. «Moth» na «logbook», labda na «engineers». Nondo wa Kiingereza utamhitaji mara moja katika miaka kumi. Vile ulivyovipita bila hata kugeuza shingo ndivyo vyenye kazi: «something is wrong with», «look inside», «stuck», «take it out», «next to». Hebu virudishe dukani kwako siku ile ya mgeni:

"Something is wrong with the printer. Let me look inside. The paper is stuck. I'll take it out."

Sentensi nne, na hakuna hata neno moja ambalo hukuwahi kulipitia kwenye hadithi zako. Mgeni angesubiri, na ungepata hela yake.

Kwa hiyo daftari lile la safu mbili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, lifunge. Lisikuume, halijaharibika, ni ghala, utalirudia ukihitaji. Fungua jipya, na humo usiandike neno pekee hata siku moja. Andika kipande kizima kama kilivyokaa kwenye hadithi, pamoja na kile kilichotangulia na kinachofuata. Chini yake andika sentensi yako yenye kipande hichohicho, lakini itoke dukani, nyumbani au kwenye kifodi. Vipande vitatu kwa siku vinatosha. Kumi ni tamaa.

Hapo ndipo «abort» inapojieleza yenyewe. Nimetoka kukutajia nondo na hukuchanganyikiwa, kwa sababu nilikutajia jirani zake: relei, mdudu, kubandika. Ningesema nondo, saruji na kokoto, ungeelekea kwa muuza vifaa vya ujenzi. Kiingereza nacho kina tabia hiyo. «Abort» ni kukatisha jambo lililokwisha kuanza kabla halijafika mwisho. Mimba ni mojawapo ya mambo yanayoweza kukatishwa, na mtunga kamusi aliamua kukupa hilo kwanza. Katika hadithi za anga jirani zake ni «landing» (kutua), «launch» (kurusha) na «mission». Hiyo ya mwisho usiitafsiri kuwa misheni ya mapadri, ni kazi maalumu waliyotumwa watu. Ukiandika «abort the landing» kama kipande kimoja, kamusi haitakutania tena.

Kuna jambo jingine kuhusu maneno haya ya anga na kompyuta, na hili ndilo linalonifanya nikuhimize ubaki hapohapo. Mengi si maneno ya kitaalamu kwa asili. Ni maneno ya kawaida yaliyohama nyumba. Wenye Kiingereza walipohitaji kusema habari za anga walikwenda kuazima baharini: «ship» (meli), «crew» (mabaharia), «hatch» (mlango wa sitaha), «dock» (kutia gati), «launch». Walipohitaji kusema habari za kompyuta waliingia ofisini na sebuleni: «window», «file», «folder», «desktop», «mouse», «memory». Nasi tumefanya vivyo hivyo. Usukani ulikuwa wa jahazi kabla ya kuwa wa lori. Nahodha alikuwa wa chombo, leo ni wa timu ya mpira. Rubani aliongoza vyombo vya bahari kabla hajapanda ndege. Na watu wa pwani wana kitenzi chao, kushua, yaani kushusha chombo majini. Hiyo ndiyo «launch» yenyewe, kabla haijapata roketi.

Chukua hiyo «logbook» ya mafundi wa Harvard. «Log» ni gogo, kuni. Mabaharia wa zamani walitupa kipande cha ubao nyuma ya meli, kimefungwa kamba yenye mafundo, kisha wakahesabu mafundo mangapi yamepita mkononi kwa muda fulani. Hivyo walijua mwendo wa meli, na hadi leo mwendo wa meli na ndege hutajwa kwa mafundo, «knots». Hesabu ile iliandikwa katika daftari, daftari likaitwa la gogo, «logbook», kisha likawa daftari la kumbukumbu za kazi yoyote. Kompyuta zikalirithi, ndiyo maana kila asubuhi kabla hujaanza kuchapa wasifu wa watu una-«log in». Ukishaliona lile gogo likielea nyuma ya meli, neno halikutoki tena.

Lakini zuri kuliko yote limeandikwa kwenye kibao cha duka lako. Umeniambia mchoraji alikosea herufi, akaandika STATIONARY badala ya STATIONERY, na wateja wanakucheka. Waache wacheke, kisha wasimulie hivi. Ulaya ya zamani wauzaji wengi walikuwa wamachinga: bidhaa begani, leo mtaa huu, kesho ule. Muuza vitabu aliyekuwa na mahali pake pa kudumu, hasa karibu na chuo, aliitwa kwa Kilatini mtu wa kituo, na Waingereza wakalifanya «stationer». Karatasi, wino na kalamu alizouza zikaitwa «stationery». Nduguye, «stationary» yenye A, maana yake ni kisichosogea. Kumbe mchoraji wako kaandika kwamba duka halihami. Kosa la tahajia, lakini historia yake ni sahihi.

Sasa inua macho juu ya bati la jirani. Dishi la king'amuzi lilifungwa na fundi mara moja, akakaza boliti, akaondoka. Haligeuki kufuata chochote. Linatazama setilaiti iliyo juu ya mstari wa ikweta, kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari, ambayo huizunguka dunia kwa muda uleule ambao dunia hujizungusha. Kwa hiyo kwa macho ya dishi imesimama pale pale. Inaitwa «geostationary». Hiyo «geo» ni dunia, unaijua kutoka jiografia. Iliyobaki iko kwenye kibao chako. Neno moja refu la kutisha, na vipande vyake vyote unavyo barazani.

Nisikuchoshe na asili za maneno. Mimi nikianza hapo sinyamazi. Turudi kwenye kusema.

Ungedhani watu wakiwa hatarini angani huongea Kiingereza kikubwa. Sikiliza yaliyotokea tarehe 20 Julai 1969. Neil Armstrong na Buzz Aldrin wanashuka kuelekea mwezini, mwenzao Michael Collins amebaki kwenye chombo kingine akizunguka juu. Kompyuta ya chombo inatoa tahadhari ambayo hawakuitegemea, na Armstrong anawaambia walio duniani: "It's a 1202." Hiyo ni namba ya tahadhari yenyewe. Kisha, akitaka waieleze maana yake: "Give us a reading on the 1202 program alarm." Baada ya muda mfupi Charles Duke anajibu kutoka Houston, Marekani, kwenye kituo cha kuongozea safari: "We're go on that alarm." Maana yake, endeleeni kushuka, tahadhari hiyo haizuii. Kompyuta ilikuwa imeelemewa na kazi, «overloaded», kama nyaya za nyumba iliyowasha pasi, jiko na hita kwa pamoja. Bahati ni kwamba programu yake, iliyoandikwa na timu iliyoongozwa na Margaret Hamilton huko MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, ilijua kuziacha kazi ndogo na kushikilia zile za lazima. Wakatua.

Yatazame maneno hayo: «it's», «give us», «on», «we're go». Uhai wa watu wawili umebebwa na maneno ambayo mtoto wa darasa la tatu ameyaona. Hiyo «give us a reading on» ni ya kitaalamu kidogo, ila mifupa yake ni ya kila siku. Mteja akikuletea kazi ngumu mwambie "Give me a minute." Akisahau flashi, "Give me your flash drive, please." Mazungumzo yote ya safari ile yameandikwa, yako wazi kwenye intaneti, na mimi huyapendelea kuliko makala zilizopambwa, kwa sababu ni sentensi fupi za watu walio kazini, kama wewe.

Kuhusu kuchagua cha kusoma, tumia vidole. Hesabu maneno kama 100 kwenye ukurasa. Kila usilolijua, kunja kidole. Mkono mmoja ukiisha, weka pembeni, hiyo ni ya mwakani. Watafiti wa msamiati, akiwemo Paul Nation wa New Zealand, wanakadiria kwamba ili usome kwa raha bila kamusi unapaswa kuyajua karibu maneno 98 katika kila 100. Ndiyo maana zile makala zako za «propulsion» zinakuchosha: husomi, unafukua. Wikipedia ina toleo la Kiingereza rahisi, anzia hapo. Kisha tukio hilohilo, tuseme kutua kule mwezini, lisome kwa waandishi watatu tofauti. Mara ya tatu maneno yatakuwa yanakusalimia. Pakua yote siku una bando, usome siku huna.

Na soma kwa sauti. Saa nane mchana, wateja wamepungua, hakuna atakayekuona kichaa. Wauza duka wote huongea peke yao. Hapa Arusha kila mtu anajua lanchi boksi ya watalii, na kwa sababu hiyo nimesikia vijana wengi wakitamka «launch» ya roketi kama chakula cha mchana. «Launch» ina O ndefu, kama unaposema "looh!" ukishangaa, halafu unamalizia na -nch. Jirekodi kwa simu dakika moja ukisimulia hadithi ya nondo bila kuangalia popote. Ya kwanza itakuwa ovyo. Ifute, rudia.

Sitakudanganya kwamba anga itakufundisha kila kitu. Hakuna mwanaanga aliyewahi kuuliza "Both sides or one side?" wala "Colour or black and white?" Sentensi za kaunta ni kama 15 hivi, ziandike kwenye kadi, zibandike chini ya meza, wiki mbili zimekwisha. Na sarufi? Chungulia kitabu pale tu hadithi inapokukwaza. Ukiona «was stuck» ukajiuliza hiyo «was» inafanya nini, siku hiyo ukurasa wa sarufi utakuwa mtamu. Kuusoma kabla swali halijakusumbua ni kujilazimisha kula umeshiba.

Sasa hadithi yetu sisi. Ipo, tena karibu. Mwaka 1962 Zanzibar, pale Tunguu, kulikuwa na kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya anga, kimoja katika mlolongo wa vituo kuzunguka dunia. Tarehe 20 Februari mwaka huo mwanaanga wa Marekani, John Glenn, aliizunguka dunia mara tatu kwa muda usiofika saa tano, na alipokuwa akipita upande wetu, Tunguu ilikuwa ikimsikiliza. Kabla hajaruka aliomba mahesabu ya njia yake, yaliyotolewa na kompyuta, yakaguliwe kwa mkono na mtu anayemwamini: Katherine Johnson, mwanahisabati mweusi wa NASA, shirika la anga la Marekani. Enzi hizo «computer» lilikuwa bado pia jina la kazi ya mtu, mtu anayekokotoa. Ile «-er» ni kama M- yetu ya mwandishi na msomaji, ila Kiingereza hakijali sana kama ni mtu au kifaa. Na kina vituko: «cook» ni mpishi, «cooker» ni jiko. Usije ukamsifu mama wa watu kuwa ni «good cooker».

Kituo cha Tunguu kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Lakini tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa lililosimama baharini karibu na Malindi, Kenya, Waitaliano waliwarushia Wamarekani setilaiti ya kwanza kabisa ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, wakaiita Uhuru. Ukifungua vitabu vya Kiingereza vya wanaastronomia utalikuta neno letu humo, wanalitamka wanavyojua wao.

Niandikie hadithi ya Tunguu kwa Kiingereza, sentensi tano, bila kufungua kamusi. Anza hivi: "In 1962 there was a station at Tunguu." Ya pili iwe na «pass over», kupita juu, ya tatu iwe na «listen». Na hapo kwenye «listen» usisahau «to» kabla ya jina la Glenn: sisi tunamsikiliza mtu moja kwa moja, wao lazima wapite kwenye kadaraja hako.